Chuo cha bei nafuu au chuo kinachokufaa? Swali lenyewe limekaa upogo

Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei 1, nyumba nyingi Marekani huwa na kesi moja isiyoisha. Barua za vyuo zimeshafika, mtoto amekubaliwa sehemu tatu au nne, na kila mtu mezani ana lake. Mtoto ameshachagua kwa moyo: kile chuo cha majengo ya mawe alichokitembelea mwaka jana, ambako mwanafunzi aliyewazungusha alimchekesha na maktaba ilinukia kama alivyotamani maktaba inukie. Mzazi ameshachagua kwa kalamu: chuo kikuu cha jimbo, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, ada yake sehemu tu ya ile nyingine. "Pale ndipo panaponifaa," anasema mmoja. "Pale ndipo tunapopaweza," anajibu mwingine. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana kesi haiishi.

Mimi naona kesi hii huletwa barazani kabla ushahidi haujakusanywa. Bei inayobishaniwa mara nyingi si bei ambayo mtu yeyote pale nyumbani atalipa. Na huko "kufaa" kunakotetewa kwa machozi mara nyingi ni mapenzi ya siku ya kwanza tu. Kila kimoja kikishapimwa sawasawa, pengo kati ya vyuo viwili huwa jingine kabisa, na wakati mwingine utalikuta limegeukia upande wa pili.

Bei iliyoandikwa na bei inayolipwa

Kwa mwaka wa masomo 2024–25, College Board, shirika linalokusanya takwimu za bei za vyuo vya Marekani, ilitoa wastani huu wa ada: chuo cha umma cha miaka 4, kwa mkazi wa jimbo, dola 11,610, chuo hichohicho kwa anayetoka jimbo jingine, dola 30,780, chuo binafsi kisichofanya biashara ya faida, dola 43,350. Hiyo ni ada peke yake. Ukiongeza bweni, chakula, vitabu, bima na nauli, vyuo binafsi vyenye majina makubwa hupita dola 80,000 kwa mwaka bila aibu.

Watu wengi wakifika hapo hufunga ukurasa. Lakini hesabu za NACUBO, chama cha maofisa wa fedha wa vyuo vya Marekani, zinaonyesha kwamba vyuo binafsi kwa wastani huwapunguzia wanafunzi wapya zaidi ya nusu ya ada. Yaani bei ya kwenye tovuti ni bei ya kuanzia, kama ya muuzaji yeyote anayejua mteja atapunguziwa. Tofauti ni kwamba huku mteja hujaza fomu za mapato yake kwanza, na muuzaji hutaja bei baada ya kuchungulia mfukoni mwake.

Punguzo hilo lina milango miwili, na ni muhimu kujua unaingia upi. Wa kwanza ni msaada wa uhitaji: chuo kinatazama familia ina uwezo gani na kujaza pengo, lote au nusunusu. Wa pili ni ufadhili wa sifa, unaotolewa kwa alama nzuri, kipaji cha muziki au mguu wa mpira, hata kama baba ana mashamba. Vyuo vyenye akiba kubwa sana hutumia mlango wa kwanza na mara nyingi havina ule wa pili kabisa. Princeton mwaka 2001 iliondoa mikopo katika misaada yake na kuweka ruzuku mahali pake. Harvard ilitangaza Machi 2025 kwamba familia yenye mapato ya dola 200,000 au chini haitalipa ada, na yenye dola 100,000 au chini, mali yake ikiwa ya kawaida, haitalipia hata bweni na chakula. MIT nayo ina mpaka huohuo wa 200,000 kwa ada. Bila shaka, kuingia huko ni kama kupita tundu la sindano. Lakini viko pia vyuo kama Berea, Kentucky, ambacho hakimtozi ada mwanafunzi yeyote tangu 1892; badala yake kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni kila wiki, na chuo kinawachukua hasa wenye kipato kidogo.

Wachumi Caroline Hoxby na Christopher Avery walionyesha mwaka 2012 jambo linalouma. Wengi wa wanafunzi wenye alama za juu kabisa kutoka familia za kipato cha chini hawaombi chuo hata kimoja chenye ushindani mkubwa, ilhali mara nyingi vyuo hivyo ndivyo vingewatoza kidogo kuliko vile walivyoviomba. Waliogopa bango, yaani ile bei iliyoandikwa.

Upande wa pili wa bango hilo wapo walioliamini punguzo kupita kiasi: familia ya kipato cha kati, inayoonekana tajiri kwenye fomu na maskini kwenye friji. Kwao chuo kikubwa hakitoi kitu, na chuo kidogo kisicho na jina kinatoa ufadhili wa sifa wa dola 25,000 kwa sababu kinamtaka sana huyo mtoto. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwa vyuo methali hiyo isifuatwe kwa upofu. Vinavyojitembeza kwa barua na punguzo mara nyingi ni vyuo vizuri tu vyenye viti vitupu.

Msomaji anayeomba akiwa nje ya Marekani, asiye raia wala mkazi wa kudumu, ana sura nyingine. Msaada wa serikali ya shirikisho haumhusu, ada ya mkazi wa jimbo kwa kawaida haimhusu, na ili apate hati za viza ya mwanafunzi, F-1, lazima aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza zipo. Vyuo vingi vitatazama uwezo wake wa kulipa kabla ya kumkubali. Vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havitazami. Kwake yeye orodha ya vyuo inaanza na swali la nani hutoa fedha kwa wageni, na mengine yanafuata.

Familia moja, hukumu mbili

Fomu kuu ya kuomba msaada ni FAFSA, ya serikali. Inatoa namba iitwayo SAI, kipimo cha uwezo wa familia kuchangia, ambayo tangu mwaka wa masomo 2024–25 imechukua nafasi ya ile ya zamani iliyojulikana kama EFC. Namba hiyo inaweza kushuka hadi −1,500, ishara ya uhitaji mkubwa kabisa, na kwa walio chini inafungua ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo kiwango chake cha juu kimekaa dola 7,395. Wengi husoma SAI kama ahadi: "Namba yetu ni 9,000, kwa hiyo tutalipa 9,000." Sivyo. Ni kipimo tu. Chuo hakilazimiki kujaza kinachobaki, na vingi havijazi.

Vyuo kadhaa binafsi vinadai fomu ya pili, CSS Profile, na hiyo ina macho makali zaidi. FAFSA haiulizi thamani ya nyumba mnayoishi; CSS inauliza, na kila chuo kinaamua kuihesabu kwa namna yake. Wazazi wakiwa wametengana, vyuo vingi vya CSS hutaka pia mapato ya yule asiyeishi na mtoto, hata kama hajaonekana tangu mtoto aanze kutambaa. Ndiyo maana familia moja, kwa mapato yaleyale, inaweza kupewa bei tatu tofauti na vyuo vitatu.

Kuna dawa ya kujua mapema. Tangu Oktoba 2011 kila chuo kinachopokea misaada ya shirikisho kinatakiwa kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha bei halisi. Unaingiza mapato, akiba na idadi ya watu nyumbani, kinakupa makadirio. Vikokotoo hivyo havilingani kwa ubora: vingine vinauliza maswali matano na kutoa jibu la kubahatisha, na kwa mwenye biashara yake mwenyewe huteleza sana. Hata hivyo, dakika 20 za kikokotoo mwezi wa Agosti huokoa machozi ya Aprili.

Kusoma barua kwa kalamu mkononi

Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilichunguza barua za misaada na kukadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama haviandiki bei halisi kabisa, ama huiandika ndogo kuliko ilivyo. Ujanja wenyewe ni mwepisi. Barua inaorodhesha ruzuku, kisha mkopo, kisha kazi ya chuoni, inajumlisha vyote kwa herufi nene: "Msaada wako." Mkopo si msaada. Ni fedha zako za kesho zinazoletwa leo zikiwa na riba. Na kazi ya chuoni ni mshahara ambao bado hujaufanyia kazi, na hauwezi kulipa ada ya Septemba.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti anataka uuguzi. Chuo binafsi kinagharimu jumla dola 84,000 kwa mwaka na kimempa ruzuku ya 52,000. Chuo kikuu cha jimbo kinagharimu 31,000 na kimempa 8,000. Kwa bango, tofauti ni dola 53,000 kwa mwaka, kesi imekwisha. Kwa bei halisi ni 32,000 dhidi ya 23,000: tofauti ni 9,000 kwa mwaka, au 36,000 kwa miaka 4.

Hapo wengi husimama, na hapo ndipo kosa la pili linapoingia. Barua ile ni ya mwaka mmoja. Soma kama ruzuku itapanda pamoja na ada au imegandishwa kwenye 52,000. Ikiwa imegandishwa na gharama zikapanda asilimia 4 kila mwaka, chuo binafsi kitakuwa 87,360 mwaka wa pili, na familia italipa 35,360. Ongezeko la asilimia 4 kwa chuo limekuwa zaidi ya asilimia 10 kwenu, kwa sababu ongezeko lote limeangukia upande wenu. Mwaka wa 4 malipo yatafika karibu 42,500, na jumla ya miaka 4 itakuwa takriban 148,700 badala ya 128,000. Chuo cha jimbo kwa hesabu hiyohiyo kitafika kama 99,600. Tofauti imepanda kutoka 36,000 hadi 49,000 bila mtu yeyote kusema uongo.

Halafu soma masharti. Ufadhili wa sifa mara nyingi unadai wastani wa alama fulani, tuseme 3.3 kati ya 4.0. Misaada ya serikali kwa kawaida hudai kama 2.0 na maendeleo ya kuridhisha. Mwanafunzi wa uuguzi au uhandisi anayekutana na kemia ya mwaka wa kwanza anaweza kushuka chini ya 3.3 akiwa bado mwanafunzi mzuri tu. Uliza ofisi ya misaada, kwa barua pepe ili jibu libaki, ni wangapi huupoteza ufadhili huo baada ya mwaka wa kwanza. Ofisi yenye jibu zuri hulitoa haraka.

Uliza pia kuhusu ufadhili wa nje. Mtoto akishinda dola 3,000 kutoka taasisi fulani, vyuo vingi hupunguza ruzuku yao kwa kiasi hichohicho, na mtoto anabaki na cheti na picha. Maryland ndilo jimbo la kwanza kuwekea vyuo vyake vya umma mipaka katika jambo hili, mwaka 2017. Kwingine ni sera ya chuo, na sera hiyo hujulikana kwa kuuliza.

Kufaa, lile lenye uzito

Nguo ikimkaa mtu tunaona: mabega yamelala vizuri, mikono si mifupi. Chuo kumkaa mtu hakuonekani kwa ziara ya saa mbili. Yanayoonekana kwenye ziara ni majani yaliyokatwa, chumba cha mazoezi chenye vioo na mwongozaji mcheshi aliyechaguliwa kwa ucheshi. Sidharau hayo; mtoto atakaa pale miaka 4 na anastahili mahali anapopapenda. Lakini hayo ni shanga za shingoni.

Utafiti wa Gallup na Chuo Kikuu cha Purdue uliotolewa 2014 uliwauliza wahitimu zaidi ya 30,000 kuhusu kazi na maisha yao. Aina ya chuo, cha umma au binafsi, chenye ushindani au kisicho nao, ilikuwa na uzito mdogo sana katika kueleza nani anajituma na kuridhika kazini. Kilichokuwa na uzito ni mambo ya ndani: kuwa na mwalimu aliyemjali, mwalimu aliyemfanya alipende somo, mlezi wa kitaaluma aliyemsukuma mbele, na mradi au mafunzo kazini yaliyomwezesha kutumia alichosoma. Utafiti wa namna hii hautenganishi sababu na matokeo kikamilifu, kwani huenda wachapakazi ndio wanaowatafuta walimu. Ila unakupa maswali ya kuuliza. Darasa la mwaka wa kwanza lina watu wangapi? Nani anasahihisha kazi? Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuingia maabara?

Kuna suala la jina pia, kwa sababu jina ndilo linalojificha chini ya neno "kufaa" mara nyingi kuliko tunavyokiri, na si kwa watoto tu. Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha 2002 utafiti uliolinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vilevile, wengine wakaenda chuo chenye jina, wengine wakachagua kisicho na jina sana. Mapato yao baadaye yalikaribiana. Kipaji na ari vilivyomfanya akubaliwe havikubaki getini, alikwenda navyo. Lakini kulikuwa na watu ambao jina liliwasaidia: waliotoka familia za kipato cha chini, na katika utafiti wa baadaye wa haohao, wanafunzi weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na ambao wazazi wao hawakusoma sana. Kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna mjomba wakili wala shangazi benki, chuo chenye mtandao mpana kinampa watu wa kuwapigia simu. Hivyo anayesema "jina halina maana" na anayesema "jina ni kila kitu" wote wanazungumza juu ya mtoto wa mtu mwingine.

Kipimo ninachokiweka juu ya vyote ni kumaliza. Katika vyuo vya miaka 4 vya Marekani, kati ya wanaoanza, takriban 6 kati ya 10 huhitimu pale walipoanzia ndani ya miaka 6. Ndani ya miaka 4 ni takriban nusu. Tofauti kati ya chuo na chuo ni kubwa mno: kuna vyuo wanavyohitimu 9 kati ya 10 na vingine 3 kati ya 10. Tarakimu hizo ziko wazi kwenye College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani, pamoja na deni la kawaida la wahitimu na mapato yao kwa kozi. Deni baya kuliko yote ni lile la aliyeacha katikati. Anadaiwa kama msomi na analipwa kama ambaye hakusoma.

Rudi kwa binti wa uuguzi. Vyuo vikuu vikubwa vya majimbo vingi havimkubali mwanafunzi kwenye uuguzi siku ya kwanza. Anaingia "maandalizi ya uuguzi", anasoma mwaka mmoja au miwili, kisha anagombea nafasi chache. Akikosa, ama abadilishe kozi, ama ahamie kwingine, ama angojee. Uhandisi na sayansi ya kompyuta vina milango kama hiyo sehemu nyingi. Hili ni jambo la kufaa kuliko bustani yoyote, na ni jambo la fedha pia. Chuo cha jimbo kikimchukua miaka 5 badala ya 4, mwaka wa 5 unaweza kugharimu kama 28,000, au 36,000 ikiwa ruzuku ilikuwa ya mihula 8 tu. Katika hali hiyo ya pili ile tofauti ya 49,000 inayeyuka hadi karibu 13,000, kabla hujahesabu mshahara wa mwaka mmoja aliokosa. Kilichoonekana rahisi kimekaribia kuwa ghali.

Sitaki nieleweke kwamba chuo cha jimbo ni mtego. Vingi vina programu za heshima zenye madarasa madogo na usajili wa mapema, na vingine vinaingiza moja kwa moja kwenye kozi. Nasema tu jibu haliko kwenye aina ya chuo. Liko kwenye kozi ya mtoto huyu, ndani ya chuo hicho.

Pengo linalobaki, na nani analibeba

Tuseme umeshapima vyote na bado chuo kinachomkaa vizuri kinazidi kwa dola 40,000 kwa miaka 4. Inafaa? Inategemea fedha hizo zinatoka wapi. Zikitoka kwenye akiba iliyowekwa kwa ajili hiyo, ni suala la mapendeleo, na sina la kusema. Zikitoka kwenye deni, kuna uzio mmoja wa kuutazama.

Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaweza kukopa kutoka serikali ya shirikisho dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na kuendelea, na jumla isizidi 31,000. Kila dola 10,000, kwa riba ya karibu asilimia 6.4 na marejesho ya miaka 10, ni kama dola 113 kwa mwezi. Akifikia 27,000 kwa miaka 4, ni takriban 305 kwa mwezi. Kwa muuguzi hiyo inabebeka. Kwa mhitimu wa fani yenye mishahara midogo inabana lakini mtu anapumua. Washauri wengi hutumia kipimo kwamba deni lote lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza kazini, na kipimo hicho si kibaya kwa jambo lisilo na uhakika.

Nje ya uzio huo ndipo hatari ilipo: mikopo ya benki inayodai mzazi aweke sahihi, na mkopo wa shirikisho wa wazazi, Parent PLUS. Huu wa wazazi kwa miaka mingi uliruhusu kukopa hadi gharama yote ya chuo, bila kuuliza kama mzazi ana kipato cha kuulipa. Kilichoangaliwa ni kama ana rekodi mbaya ya madeni tu. Kwa mikopo ya 2025–26 riba yake ni asilimia 8.94. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeweka mpaka kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026: dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto. Mpaka umesaidia, lakini 65,000 kwa mzazi wa miaka 55 bado ni pensheni. Dawa ya deni ni kulipa, na kwa mikopo ya masomo Marekani dawa hiyo ni karibu ya pekee, maana hata mahakama ya kufilisika huifuta kwa nadra, mpaka mdaiwa athibitishe ugumu wa kupindukia.

Kwa hiyo barua yenye mstari unaosema Parent PLUS dola 16,000 isomwe hivi: chuo kimesema hakiwezi kumsaidia mtoto huyu kwa dola 16,000 kila mwaka.

Njia ya kuanzia chuo cha jamii miaka 2 kisha kuhamia chuo kikuu hutajwa sana hapa, na inafanya kazi pale ambapo njia imetengenezwa. Florida kwa mfano inamhakikishia mwenye shahada ya AA, ile ya miaka 2, nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, ingawa si lazima chuo anachokitaka. Pasipo makubaliano kama hayo, krediti, yaani hesabu ya kozi ulizokwisha kupasi, hupotea: GAO mwaka 2017 ilikadiria kwamba wanaohama hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Pata jedwali la kozi zinazokubalika, kwa maandishi, kabla ya kusajili kozi ya kwanza.

Saa ya kuongea

Mapema mno huharibu kama ilivyo kuchelewa. Vyuo vingi vina ombi la mapema lenye kifungo: unaomba Novemba, ukikubaliwa umeahidi kwenda. Nafasi ya kukubaliwa huwa bora, lakini umejinyima barua za kulinganisha. Unaweza kujitoa ikiwa msaada hautoshi. Bado, kwa familia inayohitaji kulinganisha bei, ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Na bei iliyoandikwa kwenye barua si amri ya mahakama. Sheria inawapa maofisa wa misaada mamlaka ya kurekebisha hesabu hali ikibadilika: kazi imepotea, kuna mgonjwa, mapato ya mwaka ule yalikuwa ya mara moja. Rufaa nzuri ina ukurasa mmoja, vielelezo na kiasi kinachoombwa. Vyuo vinavyotoa ufadhili wa sifa husikiliza pia barua ya chuo shindani, hasa kikiwa cha hadhi yao. Omba kwa adabu na omba kitu mahususi.

Kwa binti yetu mimi ningeomba chuo binafsi kitu kimoja: ruzuku ipande sambamba na ada. Kikikubali, tofauti ya miaka 4 inarudi karibu na dola 36,000, na ningempigia simu mkuu wa programu ya uuguzi chuo cha jimbo kumuuliza, kati ya walioingia maandalizi mwaka juzi, wangapi walipata nafasi. Akisema wengi, binti aende jimboni, na hasira yake ataimaliza kabla ya Oktoba. Akisema robo, nisingemlazimisha. Ningekaa naye tuandike pamoja nani analipa dola ipi kila mwaka, jina la mkopaji kwenye kila mstari, na mstari wa Parent PLUS ukiwa mtupu au karibu na mtupu. Ukishindikana kubaki mtupu, kuna chuo cha tatu kwenye ile orodha, kile alichokiomba bila shauku kwa sababu kilituma barua nyingi. Huenda hakuna aliyefungua bahasha yake mpaka leo.